Mwito wa Mara Moja

Safi alifundishwa kama watoto wote wa kwao Bulengera: ukiitwa jina mara moja, nyamaza. Mtu akikuhitaji ataita tena. Jini huita mara moja tu. Kwa hiyo alipounda kasha lenye mikrokontrola, kompyuta ndogo ya kupangia amri, la kuendeshea redio ya mumewe iliyoko mtaa wa Beu, mjini Beni, huku yeye amekaa Butembo na simu yake, aliliandikia amri moja: lisijibu mpaka jina liitwe mara tatu. Wanaredio wenzake walimcheka. Na wacheke.

Jumanne moja, saa sita mchana, jua linachoma mabati, redio ya Beni ilijiwasha yenyewe, ikasikika kwenye simu ya Safi. Sauti kavu iliita jina la mumewe, "Issaka." Papo hapo mwingine akajibu: "Nipo. Karibu."

Safi alikuwa na tonge la bugali mdomoni. Sauti iliyojibu ilikuwa yake.

Harufu ya nywele zinazoungua ikajaa karakana yake, na pasi ya kulehemia ilikuwa baridi. Tangu siku hiyo, kila saa sita, mwito ule ukaja, jibu lile likatoka, na sauti ya Safi ikafifia kidogo zaidi, hata kufika Ijumaa mtoto wake Faida alikuwa anamsogelea mdomoni ili amsikie, na yeye anaogopa kusema, maana kila neno alilotoa aliliona haliwezi kurudi.

Akafungua programu ya kasha. Tatu imegeuzwa kuwa moja. Ndani imetiwa sauti yake, ile aliyokaribishia wageni siku ya harusi. Akaifuta, saa sita ikajibu tena. Neno la siri la kasha walilijua watu wawili tu duniani, yeye na mumewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Baba Faida," alinong'ona kwenye simu, "ni weye ulitiya sauti yangu mule?"

Issaka alikiri. "Ilikuwa inaniita miye, mama. Kila saa sita, mara moja. Nilichoka na woga. Nikawaza, mashine ijibu tu, iende zake."

"Mais lakini ulitiya sauti yangu. Yako ilikuwa wapi?"

Safi alilia, na kilio hakikuwa na sauti.

Mwalimu Djuma, anayesoma dua za kutoa majini, alikuja karakanani. "Jini imekaribishwa," alisema polepole. "Ule mwenye ilikuwa inaita jina lake aitike mwenyewe, kwa kinywa chake. Hapo nitasoma, itatoka. Akikataa, itabaki na sauti ya huyu mama."

Issaka aliapa kwa simu kwamba atakaa mbele ya redio na kuitika. Safi akamwamini, maskini. Ndoa ya miaka kumi na mmoja haivuliwi kwa siku moja.

Kesho yake, dakika chache kabla ya saa sita, Safi alifungua kwa simu kipaza sauti cha Beni. Alisikia kiti kikilia. Alisikia kikohozi cha mumewe, kile anachokijua gizani. Jini lilimjua kwa jina la Issaka. Jina la Baba Faida lilikuwa la Safi peke yake. Akakusanya sauti yote iliyobaki, amwite aitike mwenyewe.

"Baba Faida!"

Pumzi za Issaka zilikuwepo, karibu kabisa na kipaza sauti, ila hakuitika. Kando ya Safi, Mwalimu alingoja, kitabu wazi. Safi akafungua kinywa aite mara ya pili, hakikutoka kitu.

Halafu kutoka Beu, safi na tamu kama siku ya harusi, sauti yake ikajibu: "Nipo. Karibu."

Na kule nyuma ya sauti ile, Issaka akashusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo.