Moto wa Jumapili kwa Mzee Numbi

Maiti ya mzee Numbi ilikutwa juu ya mabaki ya kitanda chake, mabati ya paa yameiangukia. Ilikuwa Jumapili, mwaka 1988, watu wa Kamina ndiyo kwanza wanatoka misa, na nyumba bado inafuka moshi.

Daktari hakukawia. Fuvu lilipasuka kwa nyuma, na kooni hamkuwa na masizi hata chembe. Mzee aliuawa kwanza, akachomwa baadaye.

Inspekta Kapenda hakupenda jinsi kesi ilivyokuwa nyepesi. Wiki mbili nyuma mzee alipitia upya makaratasi yake yote. Bima ya nyumba aliiongeza, akamwandikisha mkewe Bolingo kuwa mpokeaji. Kisha karani Kyabu akamwandikia wosia mpya, ambao nakala yake Kapenda aliichukua mchana ule. Majirani walishamhukumu Bolingo. Alikuwa binti wa askari wa Base, kambi ya jeshi, mtu wa mkoa wa mbali wa Équateur, hana ndugu hata mmoja mjini. Askari wa gendarmerie walishamfunga mikono. Treni ya kesho ingempeleka gerezani Lubumbashi, na kutoka huko wengi hawakurudi.

"Weye ulikuwa wapi, mama?"

"Ku Base, citoyen. Nilikuwa nauzisha chikwangue ya mihogo."

"Nani alikuona?"

"Babibi, bake ya basoda. Sasa bote banasema habakumbuki."

Kapenda akaagiza majivu yachekechwe. Vikatoka vya chuma vyote: birika, bawaba, cherehani, pasi ya makaa. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akavitazama kimoja kimoja, kisha akainua macho. Ukutani ilibaki misumari miwili mitupu. Kila aliyewahi kuingia mle alijua kilichoning'inia pale: shoka la ukoo, ambalo Numbi na mdogo wake walilirithi kwa baba yao. Mwanamke haruhusiwi kuligusa.

Chuma hakigeuki majivu. Basi shoka liko wapi?

Bolingo angechoma nyumba, angeliacha hapo hapo lilipo. Aliyelitoa aliogopa kuchoma kitu cha wazee kuliko kuchoma mtu.

Ngoie, mdogo wa marehemu, alikuwa ameketi uani kwake, kichwa amekwisha kukinyoa, waombolezaji wamemzunguka. Alimpokea inspekta kwa heshima zote. Akasema mwezi mzima hajakanyaga kwa kaka yake, na akamwonya juu ya wanawake wa kuja. Kapenda akaitikia kwa kichwa, akaingia moja kwa moja chumbani.

Shoka lilikuwa chini ya kitanda, limeviringishwa kitambaa cheupe.

"Yaya yako Numbi alikupatia lini shoka hii?"

Ngoie akalifunika tena kwa kitambaa.

"Jirani yake Mputu alipita kule leo asubuhi, mbele ya misa kuanza. Shoka ilikuwa ku misumari yake."

Waombolezaji wakasogea mlangoni.

"Njo miye," Ngoie alisema. "Nilimupiga na muchi ya kinu. Nikachoma nyumba juu nataka karatasi iungue. Lakini shoka ya tata, baba yetu, mukono ilikataa kuichoma."

"Karatasi gani?"

"Testament, wosia yake. Yaya alikuwa ananisomea. Kiwanja ya tata anapatia muke wa Équateur. Na kaburi ya tata iko mule. Kesho tutaomba basoda ruhusa ya kulilia baba yetu?"

Kapenda akamtuma askari mmoja akamfungue Bolingo. Kisha akatoa mfukoni nakala ya Kyabu, akaisoma amesimama, kwa sauti ya chini, ukurasa wa kwanza na wa pili. Bolingo angekaa mle mpaka kufa kwake. Baada ya hapo kiwanja, kaburi na vyote vilivyomo vingerudi kwa watoto wa Ngoie. Bolingo mwenyewe ndiye aliyeomba iandikwe hivyo.

Ngoie alisikiliza mpaka neno la mwisho. Halafu akaketi sakafuni.

"Aliniambia, 'Ikala, mudogo wangu, nimalize kusoma,'" alisema. "Sikuikala."