Mwanabaraka Yupo

Asubuhi Mwajabu alikuwa akipika vitumbua mbele ya nyumba yake, Mtoni, Temeke. Binti yake Mwanabaraka alivifunga kwenye gazeti. Ukutani, usawa wa kifua, ulikuwapo mstari wa matope. Hapo ndipo maji ya mafuriko yalipofika. Mwajabu ameupaka chokaa mara tatu. Kila mara mstari unarudi.

Mafuriko yalimchukua Hija, mwanawe wa kwanza. Siku ya pili karani wa ofisi ya mtaa alipita na karatasi, akiandika majina ya waliopotea. Mwajabu alimtaja Hija kwa matumaini. Jioni hiyo hiyo maiti ikaonekana. Tangu hapo akaamini jambo moja, na hakuna aliyeweza kumtoa humo: jina likiandikwa, mwenyewe harudi.

Ilipofika adhuhuri, vyura wa bondeni walinyamaza ghafla. Viatu vikasikika uani.

"Mwanabaraka binti Sadallah!" sauti iliita.

Mwajabu aliijua sauti ile. Alichungulia dirishani. Ni karani yule yule, na karatasi mkononi.

"Usiitike," alimnong'oneza binti yake. "Ingia uvunguni."

"Mama, mie mtu mzima!"

"Ingia, nimesema!"

Kisha akasimama mlangoni. "Mwanabaraka hayupo," alisema. Machozi yakamtoka kwa hofu.

Karani alivua kofia. "Pole sana, mama." Akaandika, akaenda zake.

Mwajabu alifurahi moyoni. Alidhani amekidanganya kifo. Maskini! Siku nzima hakumruhusu binti yake kutoka ndani.

Kesho yake asubuhi wanawake wa mtaani walikuja, kanga vichwani. Waliingia, wakaketi chini. Mmoja alileta mchele. Mwajabu aliupokea, asijue ni wa nini.

"Tunazika saa ngapi?" aliuliza Tabu, jirani wa nyuma.

"Tunamzika nani?"

"Mwanabaraka. Balozi katuambia, naye kaambiwa na karani."

Mara pazia likasogea. Mwanabaraka akatokea na beseni la vyombo.

"Shikamooni," alisema.

Mayowe! Tabu alipita dirishani, na mwili wake si mdogo. Wengine waliacha ndala mlangoni. Alibaki mmoja tu, Rosalia, mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Alimshika Mwanabaraka mkono.

"Ana joto huyu. Ni mzima," alisema. "Mwajabu, ulimwambia nini karani?"

"Nilisema hayupo."

"Ukalia?"

"Nililia."

"Dada yangu! Tangu maji yaje, mtu akisema 'hayupo' huku analia, tunajua amekufa. Karatasi ile ilikuwa ya ufadhili. Shirika la misaada linawasomesha ufundi vijana ambao nyumba zao ziliharibika. Linalipa ada, vifaa na chakula cha mchana. Karani alikuja kuhakikisha kwamba Mwanabaraka yupo. Amechaguliwa kusomea uashi. Leo saa sita orodha inafungwa, na nafasi yake atapewa mwingine."

Mwanabaraka aliangua kilio. "Mama, mie ndiye niliyeomba! Mwalimu alinisaidia kujaza fomu. Sikukwambia, maana unaogopa karatasi."

Mwajabu alijiona mjinga. "Tufanyeje, Mwalimu?"

"Kosa la jina husahihishwa ofisini. Nendeni wawili, mzazi na kijana. Chukueni barua ya balozi wa nyumba kumi. Nawe utatia sahihi."

Balozi Mwinjuma aliandika barua. Hakuacha kutazama miguu ya Mwanabaraka, ahakikishe inakanyaga chini.

Ofisini, orodha ilitundikwa kwenye msumari ule ule ulioshika orodha ya marehemu wa mafuriko. Jina la bintiye lilikuwamo, na mbele yake palikuwa na neno moja. Alilisoma polepole, kama alivyofundishwa na Rosalia.

"HA-YU-PO."

Karani alimwona Mwanabaraka, akavua kofia tena. "Nisameheni. Nilipaswa kuuliza vizuri."

"Mie ndiye niliyesema," alijibu Mwajabu. "Nipe kalamu."

Alikata herufi mbili tu, H na A. Kisha akaandika jina lake chini, herufi zikipanda na kushuka.

Mwaka wa pili, Mwanabaraka alihitimu. Familia ilipata kiwanja mlimani, mbali na bonde. Alijenga msingi wa mawe, akaunyanyua juu ya ardhi.

"Mama, mstari ule haukuwa mzimu," alisema. "Ukuta wa udongo hunyonya maji ya chini. Unyevu ukipanda, madoa yanarudi."

"Na vyura je, kwa nini walinyamaza?"

Mwanabaraka alicheka. "Walisikia viatu, mama."

Siku moja karani alipanda mlima ule, karatasi mkononi. Shirika lilitaka fundi wa kujenga madarasa.

"Mwanabaraka binti Sa..."

"Yupo!" aliitika Mwajabu kwa sauti kubwa. "Yuko juu ya ukuta. Andika!"