Begi Lenye Mifupa Ndani

Ujumbe uliingia kwenye Tecno ya Mwanaidi saa tatu asubuhi, akiwa mgahawani Chikongola na bakuli la supu.

"Shangazi anataka begi la mgongoni. Lenye mifupa ndani, si nje. Lisimuumize. Lisikatike njiani. Anasafiri kesho."

Akaufuta. Akamaliza supu yake.

Shangazi alikuwa yeye mwenyewe. Mifupa ni yale mabamba mawili membamba ya alumini yanayofichwa mgongoni mwa mabegi ya wapanda milima, ili uzito ushuke kiunoni usimlalie mtu mabegani. Na safari ilikuwa ya Bwanaheri.

Bwanaheri alikuwa wakala wa kugomboa mizigo bandarini. Swala tano, viatu vinang'aa. Kilimanjaro alikuwa ameshaipanda mara tatu, na mgeni hakai ofisini kwake dakika mbili kabla hajaonyeshwa picha. Lakini mara moja kwa mwezi alikusanya wabebaji wanne, akawatembeza kilomita arobaini kutoka Mtawanya hadi mdomo wa Ruvuma. Kila mbebaji alikuja na begi lake. Bwanaheri aliyachomoa yale mabamba kwa mkono wake mwenyewe, akapachika mirija ya alumini. Ndani ya mirija kulikuwa na viwashio vya mabomu. Askari akifungua begi, anakuta makopa ya muhogo na kanga mbili. Nani anapekua mifupa ya begi?

Shehena iliyopita ililipuka ng'ambo ya mto, sokoni, siku ya gulio. Watu thelathini na mmoja.

Safari hiyo Suleimani alikuwemo, amejipenyeza miongoni mwa wabebaji. Alikuwa wa Kitengo kimoja na Mwanaidi, kitengo cha siri cha usalama. Posa yake kwa Mwanaidi ilikuwa imeshapokelewa, wazee wanasubiri tu siku ipangwe. Alirudishwa mlangoni kwa mama yake ndani ya begi lake mwenyewe. Begi la lita sitini. Mtu mzima haingii kwenye begi la lita sitini, mpaka asaidiwe.

Alijulikanaje? Hakuna aliyejua, na kesho ilikuwa zamu ya Mwanaidi.

Simu ikaita.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Begi?" Alikuwa Mzee Mustafa, mkuu wa Kitengo.

"Ndiyo nalifuata."

"Bwanaheri namtaka hai. Nataka majina ya wanaompokea ng'ambo."

"Nimesikia."

"Umesikia au umekubali?"

Mwanaidi akakata simu.

Hadija muuza mitumba alikuwa amefungua belo jipya. Mwanamke mnene, mdomo haupumziki, na jicho lake linajua mteja wa kweli na mteja wa kupapasapapasa. Mwanaidi aliokota begi jekundu lenye mifuko kumi na mbili.

"Hilo la kuendea harusini," Hadija akasema. "Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Shamba. Mbali."

"Basi liache, litakuua."

Alilivuta begi la kijivu, Deuter, limechubuka chini lakini nyuzi zake zimeshonwa mara mbili. Akamgeuza Mwanaidi, akamshika kifundo cha mfupa wa shingo, akapima kwa shibiri hadi juu ya nyonga. Akapima na begi. Shibiri mbili na vidole vitatu, huku na huku. Akatumbukiza mawe yake ya mizani, kilo kumi na mbili.

"Vaa. Tembea. Ruka."

Mwanaidi akaruka. Begi likaruka naye, halikuyumba. Akavuta mikanda ya mabega kwa nguvu zote, nyuzi hazikulia. Akamwaga maji ya kunywa juu ya kitambaa, yakateleza. Kamba ya kifuani ilikuwa na kifilimbi cha plastiki, na hicho ndicho alichokipenda zaidi.

"Unajua mabegi, mama."

"Najua migongo. Mwezi wa Ramadhani alikuja kaka mmoja, mzuri wa sura, akachukua la kwake hapa hapa. Kabla mzigo haujamkaa, ameshafunga mkanda wa kiunoni, tap. Mabega baadaye. Nikamwambia, wewe si wa kwetu. Sisi mzigo unakaa kichwani, ukizidi sana begani. Mzigo haufungwi mwilini. Utavukaje nao mto?" Hadija akacheka. "Akacheka na yeye. Sijui aliishia wapi."

Mwanaidi alijua alikoishia. Suleimani alizaliwa Dodoma, begi akafundishiwa kambini. Kiuno kwanza, halafu mabega, halafu kifua. Alikuwa mwanafunzi mzuri, na uzuri huo ndio uliomuua.

Jioni fundi wa Kitengo alikifungua kile kifilimbi, akakitia kitu kidogo kuliko punje ya mtama. Ukikipuliza, boti yenye injini mbili za Yamaha inapata ishara baharini. Kilikuwa na nguvu ya kilomita tano, si zaidi.

Alfajiri ilipokucha, nyuma ya ghala la korosho Mtawanya, Bwanaheri aliyakagua mabegi moja moja kama fundi cherehani anayepima suti. Wabebaji walikuwa Mwanaidi, wanaume wawili wa Kimakonde wasiosema kitu, na Hamisi, mkulima wa korosho, baba wa watoto watatu. Begi la Hamisi lilikuwa limeunganishwa mkanda kwa uzi wa kushonea magunia.

"Hili litafika?" Bwanaheri akauliza.

"Litafika, bosi."

"Tutaona." Akapachika mirija, miwili kila begi. Kisha akarudi nyuma, akakunja mikono. "Haya, vaeni."

Akawatazama kiunoni, si usoni.

Mwanaidi alivua mtandio, akausokota kata, akauweka kichwani. Akaliinua begi la kijivu, akalitua juu yake, mikanda inaning'inia. Wale wawili wakafanya vivyo hivyo. Hamisi akatia la kwake begani.

Bwanaheri akacheka, akatikisa kichwa. "Washamba nyie. Kitu cha Ulaya mnakibeba kama ndoo." Yeye alikuwa na begi lake jipya la bei mbaya. Akafunga kiuno, tap. Akafunga kifua, tap. Bastola yake, Glock 19, aliiweka kwenye kifuko cha mkanda wa kiunoni.

Wakatembea. Mikorosho, mihogo, mchanga mwekundu, mikorosho tena. Jua lilipanda. Shingo ya Mwanaidi iliwaka moto, lakini hakuthubutu kulishusha begi.

Kilomita ya ishirini na tano, mkanda wa Hamisi ulikatika.

Begi likadunda chini. Kila mtu akaganda. Halikulipuka.

"Nilikuuliza," Bwanaheri akasema kwa upole.

"Nisamehe, bosi. Nitabeba kichwani."

"Begi ni mshono, Hamisi. Rangi na mifuko ni mapambo. Mtu asiyekagua mshono anaua wenzake." Akamfyatulia risasi moja ya paji la uso. Akachuchumaa, akachomoa mirija ya Hamisi, akaipachika kwenye begi lake mwenyewe, na makopa yake pia akayabeba. Mzigo ukawa mkubwa. Akauvuta mkanda wa kiunoni mpaka mwisho.

Tuseme ukweli: Mwanaidi alimwacha Hamisi afe. Hapo ishara isingefika kwenye boti, na kisu chake kilikuwa hatua kumi kutoka kwenye ile Glock. Alihesabu, akanyamaza. Roho ilimuuma, na aliendelea kutembea.

Saa nane mchana walifika kwenye mikoko. Mbele yao kulikuwa na mkono wa mto, upana wa uwanja wa mpira, maji ya kifuani na matope chini. Maji ya bahari yalikuwa yameanza kujaa. Upande wa pili palikuwa na kisiwa cha mchanga, na hapo ndipo ngalawa ya kutoka ng'ambo ingewachukua.

"Vukeni. Mimi nyuma yenu."

Wale wawili waliingia, mabegi kichwani, mkono mmoja umeshika. Mwanaidi akafuata. Mguu ukizama, unauchomoa polepole, hushindani na tope. Bibi yake wa kijijini Kitaya, kando ya Ruvuma, alimfundisha hivyo akiwa na miaka sita.

Alipokanyaga mchanga, akalishusha begi, akapuliza kifilimbi.

Bwanaheri alikuwa katikati ya maji. Alimtazama Mwanaidi, akaelewa. Mkono ukakimbilia bastola, lakini kifuko cha kiunoni kilikuwa chini ya maji, zipu imejaa tope. Akajipinda kuifikia. Mguu ukakwama, mzigo ukamvuta, akaanguka chali. Begi zuri la lita sabini likanywa maji.

Aliibuka akitapika. Tope lilikuwa mapajani, maji shingoni. Alikuwa akihangaika na kifungo cha kiunoni kwa mikono miwili. Mkanda ulikuwa umekazwa mpaka mwisho, na uzito wote wa begi ulikuwa unauvuta.

Wale wawili wa Kimakonde waliyatupa mabegi mchangani, wakatokomea kwenye mikoko. Mwanaidi hakuwafuata. Aliingia tena majini na kisu mkononi, simu imefungwa kwenye nailoni.

"Kata," Bwanaheri akasema. "Kata mkanda, dada'angu. Nitakupa chochote."

Mwanaidi akaenda nyuma yake, akachomoa mirija mmoja mmoja. Miwili. Akaitia kifuani mwa nguo yake.

"Majina ya ng'ambo."

Alitaja matatu. Simu ikarekodi. Mwanaidi akasubiri. Maji yakafika kidevuni. Akataja la nne.

"Suleimani ulimjuaje?"

"Alifunga kiuno kwanza. Watu wa huku hawafungi kiuno. Kata, nakuomba. Nina watoto."

"Hamisi alikuwa na watatu."

"Dada'angu."

"Suleimani ulimsaidia kuingia kwenye begi. Wewe umeingia mwenyewe."

Akakirudisha kisu kwenye ala. Alirudi mchangani akakaa, akatazama mpaka mwisho. Haikuchukua muda mrefu, na haikuwa kimya.

Boti ilifika baada ya dakika ishirini. Mzee Mustafa akasikika kwenye redio.

"Mirija?"

"Yote minane."

"Bwanaheri?"

"Yuko na begi lake, Mzee."

"Hai?"

"Majina ninayo. Manne, kwa sauti yake."

"Nilisema namtaka hai, Mwanaidi."

"Nilisikia."

Akamkabidhi askari wa boti simu na mirija, akaomba shuka moja ya kitanda na chepeo la kuchimbia. Hawakumuuliza za nini. Walimvusha tu upande wa pili. Hamisi alikuwa amelala juani kilomita kumi na tano kutoka hapo, na maiti ya Kiislamu haingoji.

Akatia chepeo na shuka ndani ya begi la kijivu. Safari hii alilivaa mgongoni. Kiuno kwanza, tap. Mabega. Kifua. Uzito ukashuka ukatulia kwenye nyonga, na mabega yakawa huru.

Hadija alikuwa amesema kweli, alijua migongo. Alitembea saa tatu bila kupumzika, na begi halikumuuma popote.