Miwa Iliyokatwa Kabla ya Trakta

Kila asubuhi Beldina alipalilia kwanza, ndipo akanywa chai. Miwa yake ilikuwa minene, na watu wa Muhoroni waliisifu. Hata hivyo, mwaka 1988 kiwanda cha sukari kilirudisha trela yake nzima ya miwa.

Trakta zilikuwa chache siku hizo. Watu walichoma majani ya miwa shambani mapema, wakakata, wakapanga miwa kando ya barabara ili dereva aione na kuichukua kwanza. Beldina naye alifanya hivyo. Miwa ikakaa juani karibu wiki nzima.

Dalmas, shemeji yake, alikuja mikono mgongoni. Alisema shamba la marehemu kaka yake limemshinda mwanamke. Nusu ya miwa ilikuwa bado imesimama. Hiyo nayo ikirudishwa, atalichukua shamba alilime mwenyewe.

Beldina alimwita jirani yake Nasambu, aliyepima miwa kiwandani. Nasambu alikamua kipande cha muwa uliorudishwa, akatanua vidole. Maji yake yakavutika kama mrenda.

"Huu ute umetengenezwa na vijidudu," alisema. "Ni vidogo, huvioni kwa macho. Vinaingia pale panga limekata na pale moto umepasua ganda. Muwa ukikaa siku nyingi, vinakula sukari, vinaacha ute. Kiwandani ute unaziba vichujio, na sukari inakataa kuganda."

"Kumbe nimekuwa nikilisha wageni," Beldina alisema.

"Na hawakukuambia asante, Beldina."

Nasambu alieleza kwamba ute huo una kazi yake pia. Wataalamu huvifuga vijidudu hivyo makusudi, wakausafisha ute, ukatiwa katika maji yanayoingizwa mshipani kumsaidia mgonjwa aliyepoteza damu nyingi.

"Hospitalini ni dawa," alisema. "Kwa trela yako ni hasara."

Safari hii Beldina hakuchoma. Majirani walimcheka, eti anaficha miwa dereva asiione. Alingoja mpaka ofisi ya kiwanda ilipompa siku ya trakta, ndipo akaita wakataji. Walikata asubuhi, wakapakia jioni, na kesho yake miwa ikafika kiwandani.

Dalmas alikuwa amesimama penye mizani akingoja irudishwe. Haikurudishwa. Karani alisema hajapokea miwa safi hivyo mwezi ule.

Dalmas alikuna kidevu. "Shemeji, miwa yangu bado imesimama. Nikate lini?"

Beldina alikaza kitambaa chake kichwani. "Pata trakta kwanza. Halafu uniite, nije nisimamie wakataji wako."