Sinema Aliyoitafsiri Uledi

Ukiniona hapa nashona mapazia utasema huyu mama hana neno. Haya, kaa kwenye hilo benchi. Nitakusimulia mara moja tu, na usinikatize, maana nikikatizwa nalia, na nikishaanza kulia sishoni tena mpaka kesho.

Ilikuwa Jumanne, siku ya kawaida kabisa. Makuli wanapiga kelele na mikokoteni yao, wamachinga wamejaza njia, na mimi niko na cherehani yangu. Nyumba hii ya Mtaa wa Sikukuu ilikuwa ya mzee Mwinyimvua, moja ya nyumba chache za Kiswahili zilizobaki Kariakoo. Kulia ghorofa, kushoto ghorofa, nyuma ghorofa, sisi katikati. Wenye pesa walikuja kila mwezi kumbembeleza auze, naye anawapa kahawa na kuwaambia hauzi. Chumba cha mbele ni duka langu. Cha pili yake alipanga Elisaria, Mchaga muuza masufuria ya jumla, mtu wa watu. Ndani nalala mimi na mwanangu wa pekee, Najma, miaka ishirini na tatu. Na chumba cha uani alikuwa mdogo wangu, Uledi, mtafsiri wa sinema.

Kazi yenyewe unaijua. Sinema ya wageni, yeye anakaa na maiki, anaisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za wenyewe, halafu wateja wanakuja na flashi zao anawawekea. Usidhani anazijua hizo lugha. Hajui hata moja! Anaangalia picha, anatunga. Na siri ya biashara yake ilikuwa moja: wale watu wa kwenye sinema aliwapa majina ya watu wa mtaani. Jambazi anaitwa jina la muuza kahawa, polisi anaitwa jina la muuza mihogo. Watu walikuwa wanacheka mpaka machozi. Walikuwa wanamwomba, "Uledi, na mimi nitie."

Jumanne hiyo alirudi na mkanda wa video, ile myeusi ya zamani. Aliununua kwa vibarua waliokuwa wanabomoa nyumba upande wa Mnazi Mmoja. Haukuwa na jina wala picha ya kava. Akauhamishia kwenye kompyuta, akatuita wote uani tuuone.

Ilikuwa sinema ya kutafuta hazina. Rangi zimefifia, watu watatu wanazunguka kwenye magofu ya mji wa kale: mzee mwenye kofia, mwanamume mnene mwenye begi, na msichana. Kuta za mawe meupe, milango mifupi, mchanga kila mahali. Haikuwa na muziki hata kidogo. Na lugha yao, wallahi, sijawahi kuisikia kokote, na mimi nimeuza mapazia kwa watu wa kila taifa.

"Haya, nani ni nani?" Uledi akauliza.

"Huyo mzee ni mimi," mzee Mwinyimvua akasema. "Nipate hazina kabla sijafa, niwakomeshe hawa wanunuzi."

"Huyo mwenye kitambi hata usiulize," Elisaria akasema, tukacheka.

Najma akamshika Uledi mkono. "Mjomba, huyo dada ni mimi. Usimpe mtu mwingine, nitanuna."

Na mimi, mama mtu, nikasema, "Mpe mwanangu, na yeye awe staa." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Hakuna aliyenilazimisha.

Uledi akairekodi siku hiyo hiyo. Kwenye sinema yule mzee anaangukiwa na ukuta. Yule mnene anatumbukia shimoni. Msichana anabaki peke yake, anapanda ngazi ndefu za mawe, anafika kwenye mlango mfupi, anaufungua, anaingia. Mlango unajifunga. Na mkanda unakatikia hapo, hakuna mwisho. Uledi akamalizia kwa utani wake: "Najma kaingia kwenye hazina, jamani! Mlango umefungwa. Wa kumtoa nani?"

Iliuzika kama maandazi ya asubuhi. Kufika Ijumaa flashi zilishapita mia. Mimi mwenyewe niliiweka kwenye tivii ya dukani, ikacheza toka asubuhi mpaka jioni kuita wateja.

Jumamosi, saa kumi alasiri, mzee Mwinyimvua alikuwa uani anatawadha. Ukuta wa choo ukamwangukia. Watu wakasema nyumba imechakaa, na ni kweli imechakaa. Tukalia, tukazika. Ila waliomwosha wakaniambia jambo pembeni: masikioni, puani, chini ya kucha, alijaa chokaa nyeupe. Ukuta ule ulikuwa wa tofali za saruji. Haukuwahi kupakwa chokaa.

Nikarudi kushona. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Jumatano iliyofuata Elisaria alipeleka masufuria kwenye jengo jipya mtaa wa pili, ghorofa ya nne. Mtu mwangalifu yule, ngazi za kawaida tu alikuwa anashika ukuta. Akaanguka kwenye shimo la lifti. Mvua ilikuwa inanyesha toka Jumatatu, mji mzima tope. Lakini walipomfungua ngumi, ndani mlikuwa na mchanga mkavu, mweupe, wa moto.

Jioni ile, tukiwa msibani, Uledi akanivuta khanga.

"Dada, njoo uone."

Akawasha ile sinema. Msichana alikuwa peke yake tangu mwanzo. Anatembea kama mtu aliye katikati ya wenzake wawili. Anageuka kulia, anacheka, na kulia hakuna mtu. Anatoa kibuyu cha maji, anakinyoosha mbele. Kibuyu kinabaki hewani. Kinainama. Maji yanapungua. Na sauti ya Uledi inaendelea kwa furaha ile ile: "Mzee Mwinyimvua anamwambia Najma, mjukuu wangu, tumekaribia."

Nikamnong'oneza, "Ifute."

"Nikiifuta hapa itasaidia nini? Iko kwenye flashi za watu, dada. Imefika Mbagala, imefika Mwanza. Nitamfuata nani?"

Tulitaka kumficha Najma jambo hili. Lakini alikuwa ameshajua kabla yetu. Nilimkuta amekaa kitandani anajikanda magoti.

"Mama," alisema polepole, "kuna mtu anaiangalia sasa hivi."

"Umejuaje?"

"Napanda ngazi."

Alikuwa amekaa. Miguu imetulia sakafuni. Lakini jasho linamtiririka, anahema kama mtu aliyebebeshwa gunia. Baada ya robo saa akapumua, akalala. Usiku hakuna shida sana, wengi wamelala. Mchana ndiyo balaa. Mchana watu wako dukani, saluni, vijiweni, tivii zinawaka. Siku moja alipanda mara tisa. Nyayo zake zikachubuka akiwa ndani ya soksi.

Tulimwita ustaadhi, akasoma, akaondoka hakutaka hata chai. Uledi alirekodi upya bila kutaja jina lolote, akazigawa bure flashi hizo mpya. Haikusaidia. Zile za zamani zilikuwa zinazunguka.

Ndipo nikamwambia mdogo wangu neno ambalo Mungu ananidai mpaka leo.

"Mpe mtu mwingine hiyo nafasi. Taja jina jingine."

Akakataa. "Dada, jina lolote nitakalotaja lina mwenyewe."

"Tunga la uongo."

"Bongo hii? Hakuna jina la uongo. Siwezi."

Alipotoka kwenda kuswali alasiri, nikaingia chumbani kwake. Nimemwona akirekodi miaka mingapi? Najua kila kitufe. Nikavuta maiki. Pale msichana anapokanyaga ngazi ya kwanza, nikasema: "Huyu si Najma. Huyu anaitwa Caroline."

Kwa nini Caroline? Halikuwa jina la ukoo wetu wala la mtaa wetu. Nilijiambia hayupo. Uongo mtupu! Dar nzima hii, akina Caroline wangapi? Nilijua. Na kwa nini sikutaja Zamda, jina langu mwenyewe? Hilo najiuliza kila ninapoingiza uzi kwenye sindano. Niliogopa. Sina jibu jingine. Nilimpenda mwanangu, na niliogopa kufa.

Nikaiweka kwenye flashi, nikaipeleka kwa kinyozi wa jirani, nikamwambia hii mpya, icheze.

Kesho yake Najma aliamka magoti hayaumi. Akala ugali na kibua, akaomba kuongezwa. Akanicheka kwa kuwa nilikuwa namtazama anavyotafuna. Nilikwenda chooni nikalia kwa furaha, nikaziba mdomo na khanga asisikie. Nilisema nimeshinda. Siku nzima ile nilisema nimeshinda, nikazisahau zile flashi za zamani zenye jina lake.

Ijumaa, baada ya swala, mteja alitaka pazia la kijani. Jora liko chumbani. Najma akasema, "Kaa, mama, nalileta mimi."

Akaingia. Hatua tano tu kutoka hapa nilipokaa.

Nikamsikia anasogeza sanduku. Kisha kimya. Kisha nikasikia mlango. Siyo mlango wa chumba, huo nilikuwa nautazama, uko wazi. Mlango mwingine. Mzito. Wa jiwe juu ya jiwe.

"Najma?"

"Mama, usije," akasema. Sauti yake ilikuwa mbali.

Nikaja. Chumba kitupu. Dirisha lina nondo. Jora la kijani liko sakafuni, limejikunjua mpaka ukutani, na ncha yake imeingia chini ya ukuta. Nikaivuta. Ikavutwa upande wa pili. Nikashika kwa mikono miwili, nikapiga kelele watu waje, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Kitambaa kikaachiwa.

Walikuja wote, mafundi, makuli, polisi. Tuliuvunja ukuta ule kwa nyundo. Nyuma yake kuna ukuta wa ghorofa la jirani, umeshikana na wetu. Hapaingii hata kiganja. Wakaujenga tena, wakapiga lipu.

Uledi hajashika maiki tena. Yuko Magomeni kwa shangazi yetu, anakaa barazani, ukimsalimia anaitikia kwa kichwa.

Siku ya nne akaja mama mmoja hapa dukani, ameshika bahasha imejaa karatasi za fotokopi. Viatu vimejaa vumbi. Akajitambulisha, Severa, anatoka Moshi, amekuja kumtafuta binti yake aliyekuwa anafanya kazi kwenye duka la viatu. Ijumaa aliingia stoo kuchukua mzigo, bosi wake akamsubiri mlangoni. Hakutoka. Stoo ina mlango mmoja.

"Naomba nibandike hapa kwako, mama. Hapa wanapita wengi."

Nikaipokea ile karatasi. Msichana anacheka, nywele kazisuka. Chini wameandika ANATAFUTWA, na jina.

Nilitaka kusema. Wallahi nilifungua mdomo. Nikasema, "Pole, mama. Mungu atamrudisha." Nikatafuta gundi, nikaibandika mwenyewe, kwa mkono huu. Akanishika bega, akanishukuru, akaniombea mema kama mzazi mwenzie. Hakujua kwamba na wangu hayupo. Hakujua kitu.

Warithi wa mzee wameshaiuza nyumba, mwezi ujao wanavunja. Nimewaambia sihami. Wananiona nimerukwa na akili, sawa, waniite wanavyotaka.

Kile chumba nimekipaka rangi mara tatu. Inashika kote, ila pale ukutani pamebaki kipande hakishiki, ukubwa wa mlango mfupi. Weka kiganja. Pana joto. Na kila alasiri, mtaa ukiwa na kelele zake zote, wanagonga kutoka ndani. Mmoja anagonga mara mbili, anangoja, kisha mara moja, hivyo ndivyo Najma alivyokuwa akinigongea tangu mdogo. Namwitikia, namwambia mama yupo.

Wa pili anagonga haraka haraka, kwa ngumi, bila kupumzika. Yeye sijawahi kumwitikia.