Wimbo wa Saba wa Benita

Wakazi wa mtaa wa kwetu Kasulu wanaikumbuka studio ya Saady, nyuma ya duka la vitenge la baba yake. Kilikuwa chumba kimoja kilichobandikwa magodoro ukutani, ila Saady akikizungumzia ungedhani yuko Dar. Jumatatu moja ya mwaka 2014, jua likiwaka baada ya mvua, alikaa kumalizia albamu ya Benita.

Benita alikuwa Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu. Samba alifundishwa na mtawa Mbrazili, midundo ya Mali na muuguzi aliyetoka huko, naye akavichanganya kwa gitaa lake mpaka Kasulu nzima ikamkubali. Alirekodi nyimbo saba akiwa na mimba ya miezi minane. Wa saba ulikuwa wa kuitikizana: anaita, kisha ananyamaza.

"Hizo nafasi usijaze," alimwambia Saady. "Mutoto wangu atakuya kuitika."

Hakurudi tena. Alifariki akijifungua. Mtoto akalelewa na bibi yake, Pelagia, aliyempa jina la Rosa siku ya kuanua matanga. Saady alikuwapo, akala wali na kulia.

Sasa alibonyeza wimbo wa saba. Ngoma zikaingia. Benita akaita, "Rosa."

Saady akarudisha nyuma. "Rosa." Siku ya kurekodi, jina hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria.

Mchana huohuo akamwita Pelagia. Bibi aliingia na mjukuu mgongoni, akakaa chini, akampakata. Mtoto alikuwa amebaki macho tu.

"Siku ine anakataa maziwa," alinong'ona. "Anageuza kichwa sawa vile mutu anamuita."

Saady akamsikilizisha. Pelagia alilia mpaka kitenge kikalowa. Hakuwa na hata picha moja ya binti yake. Sauti ile ndiyo iliyokuwa imebaki.

"Niufute, bibi?"

Pelagia akamtazama mjukuu. "Futa. Mutoto apone."

Saady akafuta. Akazima kompyuta. Akachomoa nyaya za spika.

Kimya.

"Rosa," spika ikaita.

Mtoto akafumbua mdomo. Huku kwetu kila mtu anajua: maiti akikuita, usiitike. Ukiitika, umekwenda. Pelagia akamziba mjukuu mdomo kwa kiganja.

"Niko," akasema yeye. "Miye njo niko, Benita. Mutoto umuache. Beba miye."

Akaegemea godoro. Macho yakabaki wazi.

Saady akasogea, akamgusa mkono. Ulikuwa wa baridi.

Kisha akasikia mtu anameza.

Rosa alikuwa ameingiza kichwa chini ya kitenge cha bibi, ananyonya kwa pupa. Pelagia alikuwa na miaka sabini. Blauzi yake ilikuwa imelowa, na maziwa yalikuwa ya moto.

Saady akaketi sakafuni, akalia kwa uchungu. Benita hakuja kumchukua mtu. Alikuwa anamwita mwanawe aje anyonye, nao wakamwogopa, na bibi akajitoa bure.

Rosa alipona. Wanawake waliomwosha Pelagia kule Nyarugusu walimbadilisha gauni mara tatu. Mpaka jeneza linafungwa, maziwa yalikuwa hayajakauka.