Gesi Mbili na Begi la Jandira

Kila Ijumaa kengele ya shule ikilia, Jandira hakuwa na habari ya kwenda nyumbani. Alikimbia moja kwa moja hadi chuo kikuu cha São Carlos, kwenye maabara ya shangazi yake, Doralice. Huko alikuta mikate midogo ya jibini, kahawa ya maziwa, na utani wa Evaristo, mwanafunzi wa shangazi.

"Haya, profesa kafika!" alisema Evaristo. "Kumbuka, begi haliingii chumba cha mashine. Hata maprofesa huacha mabegi yao mlangoni."

Siku hiyo wote walikuwa roho juu. Kwa miezi minane Doralice na Evaristo walikuwa wakipoza gesi mbili za metali zilizogeuzwa mvuke, sodiamu na potasiamu, mpaka zikawa baridi kuliko barafu yoyote duniani. Walitaka kujua: katika baridi hiyo, gesi hizo zitachanganyika au zitatengana?

"Tazama kikombe chako," Doralice alimwambia Jandira. "Kahawa na maziwa vimepatana. Mafuta na maji havipatani hata uvikoroge mpaka kesho. Gesi zetu zinaweza yote mawili. Nikizungusha kitufe hiki, nguvu ya sumaku inabadilika, na huenda zikaanza kukataana. Mpaka leo zimekuwa kahawa na maziwa tu. Nami nataka kuziona zikigombana!"

Kila gesi ilipigwa picha na kamera yake. Kisha kompyuta iliziweka picha mbili pamoja, sodiamu kwa rangi ya manjano, potasiamu kwa buluu. Zikichanganyika, lilitokea wingu la kijani.

"Mwanangu, hebu niletee daftari langu kule chumba cha mashine. Leza zimezimwa, hakuna mwanga wa kukuumiza macho," alisema Doralice.

Jandira aliruka kama swala. Kwa haraka yake, begi lilikuwa bado mgongoni. Alipogeuka na daftari, akasikia kap! Begi limegonga kamera ya potasiamu. Aliitazama, akaona imesimama vilevile. Akatoka, akanyamaza.

Baada ya muda mfupi picha mpya ikatokea. Manjano kushoto, buluu kulia!

"Gooooli!" Evaristo alipiga kelele, akaanza kucheza samba na kiti. Doralice alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Zimetengana! Jandira, umetuletea bahati! Ngoja niwaandikie wenzetu wa ng'ambo sasa hivi."

Jandira alicheka nao, lakini jicho lake lilirudi kwenye begi. Je, kama ni begi? Akisema, atawaharibia furaha, na huenda asiruhusiwe tena kuja Ijumaa. Asiposema, shangazi atatangaza jambo ambalo pengine halipo. Doralice alikuwa keshamaliza barua.

"Shangazi, usitume!" Sauti ilimtoka kwa nguvu hata yeye mwenyewe akashtuka. "Nilisahau kuvua begi. Niligonga kamera ya potasiamu."

Samba ilikatika. Doralice aliondoa mkono kwenye kompyuta polepole.

"Tutajua sasa hivi. Evaristo, acha sodiamu. Piga picha ya potasiamu peke yake."

Picha ikaja. Wingu la buluu lilikuwa bado kulia, ingawa safari hii hapakuwa na sodiamu ya kulisukuma.

"Kumbe ni kamera," Doralice alisema kwa sauti ya chini. "Imesogea unene wa unywele tu."

"Miezi minane, halafu tunafungwa bao na begi la shule!" Evaristo alijibwaga kitini. Jandira alifuta machozi kwa mkono wa sare yake.

Walitumia saa nzima kuirudisha kamera mahali pake. Wingu likawa kijani tena. Doralice akaanza kuzungusha kitufe, kidogo kidogo, huku Jandira akihesabu picha. Kijani. Kijani. Kijani tena. Picha ya kumi na mbili ikaja: manjano limekaa katikati, na buluu limesukumwa nje, limelizunguka pande zote.

Hakuna aliyethubutu kushangilia.

"Potasiamu peke yake," Jandira alinong'ona.

Evaristo akapiga. Wingu la buluu lilikuwa limetulia katikati kabisa. Lilipokuwa peke yake halikuhama!

"Sasa je?" aliuliza Jandira.

"Sasa piga kelele, binti!" alijibu Doralice, na wote watatu wakapiga kelele hadi watu wa chumba cha pili wakaja kuchungulia.

Walipotulia, Doralice alimvuta Jandira karibu. "Nilikasirika, sikufichi. Begi lilitakiwa kubaki mlangoni, nawe ulipaswa kusema palepale. Lakini hata mimi nimekosea. Niliiamini picha ile kwa sababu niliipenda. Ungenyamaza, ningewatumia watu uongo bila kujua. Kusema kweli wenzako wakiwa wanashangilia ni kazi ngumu, Jandira, na wewe leo umeiweza. Ijumaa ijayo nakutaka hapa."

Kisha akaifuta barua yake na kuanza nyingine, na safari hii habari ya kamera iliyogongwa ndiyo iliyotangulia.